Paa Lililoanguka Watu Wakiwa Wamelala

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

 Mama zangu, vijana wenzangu, na wewe unayesoma nakala hii ya karatasi kwa sababu redio yako imeishiwa betri, karibu kwenye historia ya michezo.

Naanza na swali. Jumamosi jioni ukiwa ndani ya banda la mpira, umebanana na watu, jasho linakutoka, macho yako yanakuwa wapi? Kwenye skrini. Na nani anatazama paa? Hakuna. Leo tutazame paa. Ni paa la mbali sana, la ukumbi wa michezo katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani. Lilianguka mwaka 1978. Halikuua mtu wala kumjeruhi yeyote. Lakini mashabiki wa mji ule, ambao wengi wao leo ni watu wa kuitwa babu na bibi, hawajaacha kulisimulia. Nikajiuliza: kwa nini watu washike miaka zaidi ya 40 kumbukumbu ya ajali isiyoacha hata kaburi moja?

Ukumbi wenyewe ulikuwa mpya. Ulifunguliwa Januari 1975, mali ya mji, ukiwa na viti zaidi ya 10,000. Paa lake lilikuwa na urefu wa mita 110 na upana wa mita 91. Chukua uwanja wa mpira wa miguu uuweke chini yake, bado utabaki na nafasi pembeni. Lilibebwa na nguzo nne tu, ili shabiki yeyote asizibwe macho. Na lilikuwa juu sana, mita 25 kutoka sakafuni.

Jumanne tarehe 17 Januari 1978, jioni, chuo kikuu cha Connecticut kilicheza mpira wa kikapu na jirani zao wa chuo kikuu cha Massachusetts. Walikuja watu karibu 5,000. Nje theluji ilikuwa inaanguka. Kwa wewe ambaye hujawahi kuiona theluji, usiidharau kwa sababu kwenye picha inafanana na pamba. Ikichanganyika na mvua na barafu inakuwa nzito kama udongo uliolowa, na haitiririki kama maji, inakaa pale pale ilipotua.

Mechi ikaisha, watu wakatoka, wakawasha magari, wakaenda kulala. Saa 10 na robo alfajiri paa lote likashuka. Tani 1,400 za chuma na vifuniko vyake zikaangukia viti ambavyo saa sita hivi kabla vilikuwa na watu. Picha za asubuhi ile zinaonyesha katikati pamezama kama bakuli, na pembe nne zimesimama juu zikielekea angani.

Hapa ndipo kumbukumbu yao inapoanzia: kwenye zile saa sita. Kila aliyekuwa pale usiku ule amekaa na hesabu hiyo. Kama theluji ingeanza mapema kidogo. Kama mechi ingekuwa ya kesho yake. Kama lingekuwa tamasha la kujaza ukumbi mzima. Wewe na mimi tunaijua hesabu ya namna hii, sina haja ya kukufundisha. Wapo hapa kambini walioondoka kijijini jioni, na kilichotokea usiku wakakisikia wakiwa njiani. Mtu hana jeraha la kuonyesha, lakini saa anazikumbuka moja moja. (Sitashangaa pia kama waliokuwepo Hartford usiku ule wanaongezeka kila mwaka. Hata kwetu, mechi kubwa ya zamani huwa na mashahidi wengi kuliko viti vya uwanja.)

Lakini usifikiri kosa lilikuwa la theluji. Theluji ya usiku ule haikuzidi uzito ambao paa lilitakiwa kuubeba. Jambo hili ndilo lililowakasirisha watu wa mji walipolijua, na mimi pia limenikasirisha, ingawa sikuwa nimezaliwa.

Kila fundi wa hapa anajua kenchi. Paa la Hartford lilikuwa kenchi moja kubwa ya vyuma, yenye tabaka la juu na tabaka la chini, vimeunganishwa kwa vyuma vya mshazari. Wahandisi waliipigia hesabu kwa kompyuta, jambo geni wakati ule, na mji ukaambiwa njia hiyo itaokoa nusu milioni ya dola. Vyuma vilifungwa pamoja chini, kisha paa zima likainuliwa.

Sasa chukua fito nyembamba, ishike ncha mbili, uikandamize. Itapinda katikati. Mwambie mwenzako aishike pale katikati, kandamiza tena: haipindi. Vyuma vya tabaka la juu la paa lile vilikuwa vinakandamizwa hivyo hivyo. Kompyuta iliambiwa kwamba vimeshikwa katikati. Kwenye jengo lenyewe, vingi havikushikwa vizuri. Kompyuta haipandi juu ya paa kwenda kuhakikisha, inajibu kulingana na ulichoiambia. Tena uzito wa paa lenyewe ulikadiriwa kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa.

Na paa lilisema. Hilo ndilo ninalotaka ulisikie vizuri. Wakati vyuma bado viko chini, wakaguzi waliona sehemu zimebonyea kupita kiasi, wakawaarifu wahandisi. Baada ya kuinuliwa mwaka 1973, paa lilipimwa, likakutwa limebonyea mara mbili ya hesabu. Wahandisi wakasema hakuna wasiwasi. Akaja fundi wa kufunga vibao vya pembeni, akakuta havikai mahali pake, kwa sababu fremu imeshuka. Akauliza. Akajibiwa amalize kazi yake, la sivyo ucheleweshaji utahesabiwa kuwa wake. Basi akakata huku, akaunga kule, vibao vikakaa. Mwishoni hata raia wa kawaida alitazama paa, akaona limelegea, akawaeleza wasiwasi wake. Akahakikishiwa kwamba ni salama.

Yule raia hakuwa na shahada ya uhandisi. Alikuwa na macho. Namfikiria kila nikipita chini ya turubai lililoshika maji ya mvua katikati, likaning'inia kama tumbo. Mama mwenye nyumba hangojei mhandisi. Anachukua mti, anasukuma kutoka chini, maji yanamwagika pembeni.

Baada ya ajali wataalamu walichunguza. Wale walioajiriwa na mji walisema paa lilianza kushindwa tangu lilipokamilika, chuma kimoja kikipinda na kumwachia jirani yake mzigo, hadi usiku ule. Wataalamu wengine walitaja sababu nyingine, mmoja akinyooshea kidole uchomeleaji. Baada ya miaka sita pande zote zikaelewana nje ya mahakama, mambo yakaishia hapo.

(Muziki mfupi.)

Kama ingekuwa hadithi ya vyuma tu, mashabiki wangewaachia wahandisi. Kumbe kuna sehemu ya pili, na hii nadhani ndiyo inayowafanya wazee wa Hartford walainishe sauti.

Ukumbi ule ulikuwa nyumbani kwa timu ya Whalers. Wanacheza mpira wa magongo juu ya barafu: wachezaji wanavaa viatu vyenye wembe chini, wanapiga kisahani cha mpira mweusi kiingie golini. Whalers walianzia Boston mwaka 1972, wakachukua ubingwa wa ligi yao msimu wa kwanza, halafu wakahamia Hartford. Mwaka ule wa 1978 walikuwa na mchezaji ambaye kila mtu alitaka kumwona, Gordie Howe. Umri wake ulikuwa miaka 49, naye alikuwa anacheza timu moja na wanawe wawili, Mark na Marty. Fikiria baba yako yuko uwanjani anakupa pasi!

Paa lilipoanguka, timu ikabaki haina makao, katikati ya msimu. Ikahamia Springfield, mji wa jimbo jirani la Massachusetts, kilomita kama 40 kwa barabara kuu namba 91. Ukumbi wa huko ulikuwa mdogo kuliko wao. Ikatangazwa kwamba pale ndipo "nyumbani".

Mashabiki wangeweza kukaa nyumbani kwao. Wengi hawakukaa. Walifuata. Usiku wa baridi, baada ya kazi, wanapanda magari, wanakwenda kilomita 40 kuitazama timu yao ikicheza "nyumbani" kwa watu wengine, kisha wanarudi usiku ule ule kwenye barabara yenye barafu. Waliofanya hivyo wakapata jina, Klabu ya 91, kutokana na namba ya barabara. Haikuwa klabu ya matajiri. Kadi yake ilikuwa ni kwenda.

Mambo hayo yalichukua miaka miwili na zaidi. Na ndani ya muda huo kikatokea kitu ambacho mwandishi wa maigizo angeambiwa ametia chumvi. Mwaka 1979 ligi yao ilivunjika, na Whalers wakawa miongoni mwa timu nne zilizopokelewa kwenye ligi kubwa kuliko zote, NHL. Walipoingia wakabadili jina, wakajiita Hartford Whalers. Yaani walichukua jina la mji wakati ambao hawakuwa wakiishi ndani yake. Mechi yao ya kwanza ya nyumbani kwenye ligi kubwa ilichezwa Springfield. Hapa kambini tunazo timu zenye majina ya mitaa ambayo baadhi ya wachezaji wake hawajawahi kuikanyaga, kwa hiyo sisi hatuwezi kuwacheka.

Mji ulijenga upya, safari hii kwa mpango mwingine wa paa, na viti vikaongezwa hadi zaidi ya 14,000. Tarehe 6 Februari 1980 Whalers walirudi Hartford, wakawafunga Los Angeles Kings. Gordie Howe aliwahi kurudi pamoja nao. Alicheza mechi zote 80 za msimu ule, akafunga mabao 15, akatimiza miaka 52 kabla ya kustaafu. Kwa wale waliokuwa wakipanda na kushuka barabara namba 91, usiku ule wa kurudi una uzito wake kwenye masimulizi, kama ulivyo usiku wa paa.

Niseme pia kwamba Hartford haikuwa peke yake. Mwaka uliofuata ajali, tarehe 4 Juni 1979, paa la ukumbi wa Kemper katika Kansas City lilianguka wakati wa mvua kubwa, jengo ambalo miaka mitatu kabla lilipewa tuzo na chama cha wasanifu majengo wa Marekani. Maji yalikuwa yametuama juu, kama lile turubai letu. Na Desemba 12, 2010, mjini Minneapolis, theluji ilichana paa la kitambaa la uwanja wa Metrodome siku ambayo awali ilikuwa imepangiwa mechi. Huko pia hapakuwa na mashabiki ndani. Bahati mara tatu, lakini hiyo si sababu ya kuacha kukagua.

Nirudi Hartford, nimalizie. Ungetegemea niseme kwamba timu ilirudi, wakaishi kwa raha mustarehe. Mwaka 1997 mwenye timu aliihamisha. Safari hii paa lilikuwa zima, tatizo lilikuwa fedha na uwanja mpya alioutaka. Tarehe 13 Aprili 1997 Whalers walicheza mechi ya mwisho, wakaifunga Tampa Bay 2-1, wakaondoka kwenda North Carolina na kuitwa Carolina Hurricanes. Ukumbi wao mpya wa Raleigh ulikuwa haujakamilika, kwa hiyo kwa misimu miwili wakacheza mji wa Greensboro, kwa barabara zaidi ya kilomita 100. Yaani uhamisho ule ule tena, timu ile ile. Lakini huko Greensboro viti vingi vilikuwa vitupu. Watu wa Raleigh walikuwa hawajaipenda timu kiasi cha kuifuata barabarani.

Ukumbi wa Hartford bado upo, umebadilishwa jina zaidi ya mara moja, na chuo kikuu cha Connecticut bado wanacheza kikapu pale. Ukitazama picha za mashabiki utaona baadhi yao wamevaa jezi ya kijani yenye mkia wa nyangumi, jezi ya timu ambayo mji haina tangu 1997.

Zamu yako sasa. Uliwahi kufuata timu iliyopoteza uwanja wake? Au ulikaa kwenye jukwaa ambalo baadaye lilianguka? Andika kwa Kiswahili, Kirundi au lugha yoyote tunayoisoma hapa studio, uweke karatasi kwenye sanduku la mlangoni. Asiyeandika aje aseme, tutamrekodi. Na mwenye banda la mpira anayenisikiliza: kaka, kabla ya Jumamosi, panda ngazi uangalie juu.

(Muziki unapanda.)