Upasuaji wa Kukatika Pumzi Usingizini na Nafasi Yake katika Kudhibiti Shinikizo la Damu

Kukoroma huchukuliwa na wengi kuwa ishara ya uchovu au ya usingizi mnono. Hata hivyo, mkoromo mkubwa unaokatizwa na ukimya, kisha mtu akashtuka akitweta, ni dalili ya ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, yaani apnia ya usingizi, ambao ni miongoni mwa vyanzo vya shinikizo la juu la damu. Makala haya yanawafafanulia wananchi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, namna upasuaji wa ugonjwa huo unavyoweza kupunguza shinikizo hilo, pamoja na mipaka yake.

Chanzo cha tatizo

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa mgonjwa, njia ya hewa huziba kwa sekunde 10 au zaidi, na hali hiyo hujirudia mara nyingi usiku. Ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali pumzi inapokatika au kupungua mara 30 au zaidi kwa saa. Kila mara oksijeni inaposhuka, mwili hutoa homoni za tahadhari, mishipa ya damu hubana na moyo huenda mbio. Kwa kawaida shinikizo la damu hushuka usiku. Kwa mgonjwa huyu hubaki juu, na hatimaye huendelea hata mchana.

Aina za upasuaji

Kwa watoto, kuondoa mafindofindo na nyama za nyuma ya pua ndiyo tiba ya kwanza pale yanapoziba njia ya hewa. Kwa watu wazima, daktari anaweza kupunguza kaakaa laini na kimio, upasuaji ulioanza kutumika kwa ugonjwa huu nchini Marekani mwaka 1981, au kusogeza mbele mifupa ya taya. Mwaka huohuo, nchini Australia, ilielezwa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, ambayo hadi leo ndiyo tiba ya kwanza kwa watu wazima wengi. Upasuaji hufikiriwa zaidi pale mgonjwa anaposhindwa kuitumia mashine hiyo, au anapokuwa na kizuizi cha wazi kooni.

Matokeo kwa shinikizo la damu

Upasuaji ukifanikiwa, shinikizo la damu hupungua kwa wastani wa milimita chache za zebaki. Kiasi hicho ni kidogo, lakini kina faida, kwa kuwa kila upungufu hupunguza hatari ya kiharusi na maradhi ya moyo. Matokeo hutofautiana: baadhi ya wagonjwa hupunguziwa dawa, wengine hawaoni badiliko, na ugonjwa unaweza kurejea uzito wa mwili unapoongezeka. Kwa hiyo, upasuaji hauchukui nafasi ya vidonge. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji asiache dawa kwa sababu ameacha kukoroma. Uamuzi huo ni wa daktari, baada ya vipimo vya mara kwa mara.

Nani achunguzwe

Anayehitaji uchunguzi ni mtu ambaye shinikizo lake hubaki 140/90 au zaidi ingawa anatumia dawa tatu ipasavyo, anayeamka na maumivu ya kichwa, anayesinzia mchana, au ambaye mwenzi wake ameshuhudia pumzi ikikatika. Madereva wa malori wanaopita Rusumo, Benaco, Lusahunga na Nyakanazi wanapaswa kuwa makini zaidi, kwani kusinzia kwenye usukani huhatarisha maisha yao na ya watumiaji wengine wa barabara.

Hatua za kuchukua

Mwananchi aanzie katika zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya yake, apimwe shinikizo la damu na aeleze hali ya usingizi wake bila kuona haya. Ni vyema aambatane na mtu anayelala naye chumba kimoja, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hajisikii anapokoroma. Panapohitajika, atapewa rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza. Wakati huo, apunguze uzito na chumvi, aepuke pombe na tumbaku, alale kwa ubavu, na aendelee kumeza dawa zake kama alivyoelekezwa.