Kipa wa Al-Mudhaibi na Uzito wa Neno "wa Kwanza"

Tarehe 31 Oktoba 1950, mjini Rochester, Earl Lloyd aliingia uwanjani na jezi ya Washington Capitols, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kucheza mechi ya ligi ya kikapu ya NBA. Chuck Cooper alikuwa amechaguliwa kabla yake na Boston Celtics, na Nat Clifton alikwisha kuwa na mkataba wa New York Knicks. Lloyd aliwatangulia kwa sababu moja tu: ratiba iliipangia timu yake kucheza mapema. Ratiba haikumpa misimu tisa ya ligi, wala ubingwa wa 1955 akiwa na Syracuse Nationals. Hivyo vyote alivipata kwa kazi asiyoimbiwa mtu, ya kumkaba mfungaji hatari wa wapinzani usiku baada ya usiku. Wastani wake wa pointi nane na ushei kwa mechi hausemi lolote juu ya kazi hiyo.

Oman nayo ina "wa kwanza" wake. Kipa Ali Al-Habsi alizaliwa mwaka 1981 Al-Mudhaibi, upande wa bara wa eneo la Sharqiyah, na ndiye Mwomani wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini inaficha zaidi ya inavyoonyesha.

Alikuwa zimamoto. Aliyemwona na kumnoa ni John Burridge, kipa wa zamani Mwingereza aliyekuwa akifundisha makipa nchini Oman. Uingereza haikumpa kibali cha kazi mara ya kwanza, kwa hiyo mwaka 2003 akaenda Norway, kwenye baridi ya Oslo, kudakia klabu ya Lyn. Mwaka uliofuata akatajwa kipa bora wa nchi hiyo. Januari 2006 Bolton Wanderers wakamsajili, na hapo ndipo wasimulizi wengi wanapopiga makofi na kufunga kitabu.

Wanafunga mapema mno. Mbele yake Bolton alikuwapo Jussi Jääskeläinen, Mfini asiyeumia ovyo wala kukosea ovyo, na Al-Habsi akasubiri hadi Septemba 2007 ndipo acheze mechi yake ya kwanza ya mashindano. Mchezaji asiye kipa akikaa benchi anaweza kuingizwa dakika ya sabini. Kipa wa pili hana dakika ya sabini. Anafanya mazoezi yote ya wiki kwa ajili ya mechi ambayo pengine haitamhitaji, na anatakiwa awe tayari vilevile.

Wapo wanaoihesabu miaka hiyo kuwa imepotea. Hesabu hiyo si sahihi, na ushahidi uko Muscat. Januari 2009, akiwa bado kipa wa akiba Bolton, Al-Habsi alirudi nyumbani kwa Kombe la Ghuba. Oman ilikuwa imepoteza fainali mbili mfululizo, mbele ya Qatar mwaka 2004 kwa penalti na mbele ya Falme za Kiarabu mwaka 2007. Safari hii lango la Oman halikuguswa hata mara moja tangu mechi ya ufunguzi. Fainali dhidi ya Saudi Arabia ikaisha bila bao, na Oman ikatwaa kombe kwa penalti 6–5. Kwa mara ya nne mfululizo Al-Habsi akawa kipa bora wa mashindano hayo.

Wigan ilikuja baadaye: mkopo mwaka 2010, tuzo ya mchezaji bora wa klabu msimu huohuo, kisha usajili kamili. Mei 2013 Wigan walipoifunga Manchester City 1–0 katika fainali ya Kombe la FA, langoni alisimama Joel Robles. Al-Habsi alikuwa benchi.