Kinachousimamisha Mzizi: Ethilini na Wenzake katika Udongo Ulioshindiliwa

Jedwali la homoni za mimea katika vitabu vingi vya biolojia lina safu mbili: jina na kazi. Oksini hurefusha seli, sitokinini huchochea mgawanyiko wake, asidi ya absisiki hufunga stomata wakati wa ukame, ethilini huivisha matunda. Mwanafunzi hukariri, akafaulu. Hoja ya makala haya ni kwamba jedwali hilo linapotosha, na hakuna mahali linapopotosha zaidi ya kwenye mzizi.

Tuanze na oksini. Kiwango kinachorefusha shina hudumaza mzizi, ambao huchochewa na viwango vidogo mno tu. Halafu kuna ule mpaka ulio karibu na ncha, ambapo seli huacha kugawanyika na kuanza kurefuka. Mwaka 2008 watafiti wa Roma waliochunguza Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali, walionyesha kinachouweka mpaka huo mahali pake. Sitokinini huamsha jeni ya SHY2, nayo SHY2 hupunguza protini za PIN zinazosafirisha oksini. Oksini kwa upande wake husababisha protini ya SHY2 ivunjwevunjwe. Ukubwa wa eneo la mgawanyiko hutokana na mvutano huo, na ukiuliza sitokinini inafanya kazi gani hapo, huwezi kujibiwa bila oksini kutajwa.

Mfano unaotugusa zaidi uko shambani. Jembe la mkono likichimba kina kilekile msimu baada ya msimu, chini yake hujengeka tabaka gumu. Magurudumu ya trekta na kwato za ng'ombe nazo hushindilia. Fukua shina la mahindi katika shamba la aina hiyo utaona mizizi ilivyolifikia tabaka, ikanenepa ncha, ikapinda na kutambaa kando, huku maji yakiwa yamebaki chini isikoweza kufika. Kwa muda mrefu maelezo yalikuwa mepesi: udongo ni mgumu, mzizi umeshindwa nguvu.

Mwaka 2021 Bipin Pandey, Malcolm Bennett na wenzao wa Nottingham na Shanghai walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoyatikisa maelezo hayo. Waliotesha mpunga wa kawaida na mpunga usioweza kuisikia ethilini, kisha wakaipiga picha mizizi ndani ya udongo kwa eksirei. Katika udongo ulioshindiliwa, mzizi wa kawaida ulifupika na kunenepa. Ule usioisikia ethilini uliendelea kushuka, ingawa udongo ulikuwa na ugumu uleule. Ugumu, basi, hautoshi kueleza kusimama kwa mzizi: kwa sehemu kubwa, mzizi husimama kwa kuwa umepokea amri ya kusimama.

Amri hiyo inatoka wapi? Ethilini ni gesi, na mzizi huitoa wakati wote. Katika udongo tifutifu hupenya kwenye vitundu vya hewa ikatoweka. Udongo ukishindiliwa, vitundu huzibana na vingi hujaa maji, ambamo gesi husafiri polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Ethilini hurundikana kuizunguka ncha, kama inavyorundikana katika shimo la kuvundikia ndizi. Kwa njia hiyo mzizi hupima nafasi iliyo mbele yake kwa gesi yake wenyewe. Naona huu ni ugunduzi mzuri sana, na unastahili kufundishwa katika kila chuo cha kilimo.

Lakini ethilini haitekelezi amri hiyo peke yake. Utafiti uliofuata mwaka 2022, wa kundi hilohilo kuhusu mpunga, uligawa kazi: ethilini huongeza utengenezaji wa oksini, na oksini husafirishwa hadi eneo la kurefuka, ikalizuia; ethilini huongeza pia asidi ya absisiki, ambayo hutanua seli za gamba. Mpunga ulioharibiwa jeni za kutengeneza asidi hiyo haukuvimba sana, na mizizi yake ilipenya vizuri zaidi. Hapa jedwali linabomoka kabisa. Oksini, mrefushaji, inafupisha. Asidi ya absisiki, mlinzi wa stomata, inanenepesha. Na ethilini ya kuivisha ndizi ndiyo inayozituma zote mbili.

Wapo watakaosema dawa ni kuzalisha mbegu zisizosikia ethilini. Nalipinga pendekezo hilo. Mpunga uliofurikwa hutegemea ethilini kufungua njia za hewa ndani ya mizizi. Ukiuziba sikio kwa ajili ya kiangazi, utauzamisha masika. Penye matumaini ni chini zaidi katika mnyororo: aina za mbegu ambazo mwitikio wa asidi ya absisiki kwenye gamba la ncha ya mzizi ni hafifu, bila stomata kuguswa. Hilo litahitaji wazalishaji wa mbegu wachunguze mizizi ndani ya udongo mgumu, si katika vyungu vya udongo laini. Nao maafisa ugani wanaopima ugumu wa udongo kwa kuchomeka chuma wapime pia nafasi ya hewa iliyobaki humo, maana tabaka lenye nyufa na mashimo ya minyoo linaweza kuwa gumu na bado likairuhusu gesi itoke.