Mchele tunaokula Kolwezi: unalimwa wapi, unakobolewa wapi, na bei yake inapangwa wapi

Kolwezi inajulikana dunia nzima kwa shaba na kobalti, lakini chungu cha nyumbani kinajazwa na vitu vinavyotoka mbali. Bukari tunayokula kila siku inategemea sana mahindi na unga wa Zambia. Mchele nao, ule wa harusi na matanga, wa mgahawa karibu na karieri, wa watoto wanaotoka masomo na njaa, karibu wote unafika kwa kamioni.

«Mama, mchele iko ngapi leo?» Jibu linabadilika kila wiki, na mara nyingi lawama inamwangukia mama wa soko anayepima kwa meka. Yeye ni mtu wa mwisho kwenye mnyororo mrefu. Hapa tunaufuata mnyororo huo toka shambani, ili ujue bei inapandia wapi.

Mpunga, mchele, wali

Wengi wetu hapa tunasema «mchele» kwa vyote. Lakini mkulima anatofautisha. Mpunga ni mmea, na pia ni punje ikiwa bado na ganda lake. Mchele ni punje iliyokobolewa. Wali ni ule uliopikwa. Tofauti hii ni ya maana kwa sababu mkulima mara nyingi anauza mpunga, na sisi tunanunua mchele. Katikati ya hivyo viwili kuna mashini, na ndipo faida kubwa inapokaa.

Mpunga unapenda maji na jua. Kuna wa mlimani, unaolimwa kwa mvua tu kama mahindi. Kuna wa bondeni, unaolimwa katika vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta ili maji ya mvua yasimame. Watanzania wanaviita majaruba. Na kuna wa kumwagilia kwa mifereji. Kwa mvua tu, mkulima mdogo anapata kama tani 2 kwa hekta, mara nyingi chini yake. Akiwa na mfereji, mbegu nzuri na mbolea, anaweza kufika tani 4 au 5.

Tanzania: jirani anayelima sana

Katika eneo letu la Afrika, nchi inayolima mpunga zaidi ni Madagaska, na Tanzania inaifuata. Huko, sehemu kubwa inatoka kwa wakulima wadogo, si kwa mashamba ya makampuni.

Sehemu za kujua ni hizi. Bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, ni eneo la mifereji. Miaka ya 1970 serikali ilijenga huko shamba kubwa kwa msaada wa China. Bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro, lina maji mengi na reli ya TAZARA inalipita. Kyela, kwenye ziwa Nyasa, inasifiwa kwa mchele wenye harufu nzuri. Kaskazini magharibi, Shinyanga, Mwanza na Tabora, Wasukuma wanalima majaruba kwa mvua.

Mbegu nazo zina majina sokoni. «Supa» inapendwa kwa harufu yake, lakini inakawia shambani na haizai sana. SARO 5, iliyotoka kwenye utafiti wa Ifakara miaka ya mwanzo ya 2000, inakomaa haraka na kuzaa zaidi.

Usangu ina shida ambayo mtu wa Lualaba ataielewa: maji. Mto Ruaha Mkuu unaopita pale ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Toka mwaka 1993 umekuwa ukikauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya wanyama ya Ruaha. Mifereji ya mpunga, mifugo, hifadhi na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, wote wanataka maji yale yale. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi walifukuzwa Usangu na mifugo yao. Hata huko kwenye mchele mwingi, kuna watu waliolipa bei ambayo haiandikwi kwenye mfuko.

Mashini: mahali ambapo mpunga unakuwa pesa

Mpunga ukivunwa unaanikwa mpaka unyevu ushuke kufika kama asilimia 14. Ukiwa na maji sana, unaota ukungu. Ukikaushwa sana juani, punje inapasuka ndani na kuvunjika mashinini. Anayeanika kwenye turubai na kugeuza mara kwa mara anapata mchele mzuri kuliko anayeanika chini, ambako unachukua na mawe.

Katika kilo 100 za mpunga, kama kilo 20 ni maganda na kama 10 ni pumba. Mashini ya kawaida ya kijijini inatoa kilo 60 hadi 65 za mchele, na nyingi zinakuwa zimevunjika. Kiwanda kizuri kinatoa zaidi kidogo, lakini ubora wake uko kwingine: kinatoa mawe, kinasafisha, kisha kinatenganisha punje nzima na chenga, ni kusema punje zilizovunjika.

Hiyo kazi ya kutenganisha ndiyo inayopanga daraja. Ukisoma kwenye mfuko «5%», maana yake ni kwamba chenga ndani hazizidi asilimia 5. «25%» ni wa bei ya chini. Kuna hata mifuko ya chenga tupu. Zote zinaweza kutoka shamba moja.

Kuna pia mchele wenye rangi ya manjano kidogo. Huo mpunga wake uliloweshwa na kupitishwa kwenye mvuke kabla ya kukobolewa. Unakuwa mgumu, hauvunjiki ovyo, unabaki na vitamini zaidi, na ukiupika haushikani. Si mchele wa zamani wala wa plastiki, kama wengine wanavyosema.

Mkulima anapata nini? Wakati wa mavuno, Mei hadi Julai katika Mbeya, mpunga umejaa na bei iko chini. Mwenye deni la mbolea au la masomo anauza palepale, mara nyingine kwa «lumbesa», gunia lililoshindiliwa na kuongezwa kichwa juu, lakini linalipwa kama gunia moja. Mwenye ghala anangoja. Kuanzia Novemba bei inapanda, na ngojo hilo ndilo linamlipa.

Njia: kamioni zinapishana

Shaba ya Kolwezi inayokwenda bandari ya Dar es Salaam inapita Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, inakata Zambia mpaka Nakonde na Tunduma, inafika Mbeya, kisha inapita Igurusi na Chimala. Igurusi na Chimala ni masoko ya mpunga wa Usangu. Ni kusema madini yetu yanapita katikati ya mashamba ya mchele yakienda baharini.

Reli ni hivyohivyo. TAZARA, kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina na kufunguliwa rasmi mwaka 1976 ili shaba ya Zambia isitegemee njia za kusini. Ikapita Kilombero na Mbeya, na wakulima wa mpunga wakapata soko la mbali.

Lakini kamioni ikirudi na mchele, inakutana na mipaka miwili: Tunduma na Kasumbalesa. Kila mahali kuna duane, karatasi, kupimwa, kulala. Dereva anayelala siku tano kwenye foleni anakula, anachoma mafuta, na mwenye mzigo anangoja pesa yake. Gharama hizo zinaingia kwenye meka. Agosti 2024, Zambia ilifunga mipaka yake na sisi kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa biashara. Kolwezi na Lubumbashi zikakumbushwa kwamba chakula na madini vinapita kwenye mlango mmoja.

Ongeza pesa yenyewe. Mfanyabiashara ananunua kwa dola, mama anauza kwa franka. Franka ikishuka, mchele unapanda hata kama huko Mbeya haukubadilika.

India ilipofunga mlango

Kwenye soko letu kuna pia mifuko toka India, Pakistani na Thailand, inayokuja kwa meli. Mchele huu ni rahisi kwa sababu unalimwa kwa wingi mno na viwanda ni vikubwa. Ndiyo sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka ushuru wa asilimia 75 kwa mchele unaotoka nje ya jumuiya, ili kuwalinda wakulima wake. Kongo ilitia sahihi kuingia jumuiya hiyo Aprili 2022.

India peke yake inauza kama asilimia 40 ya mchele wote unaovuka mipaka duniani. Mwaka 2022 iliuza kama tani milioni 22. Septemba 2022 ilizuia kuuza chenga nje. Kisha tarehe 20 Julai 2023 ikazuia mchele mweupe wa kawaida, usio basmati. Sababu: bei ilikuwa inapanda nyumbani kwao, mvua zilisumbua, na serikali ilitaka watu wake wale kwanza. Agosti ile, bei ya mchele wa Thailand ikapanda kufika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa karibu miaka 15. Nchi nyingi za Afrika zinazokula mchele wa Asia zikaumia bila kuulizwa kitu. Mlango ulifunguliwa tena Septemba 2024, kwanza na bei ya chini ya dola 490 kwa tani, na mwezi uliofuata bila sharti hilo.

Sisi wa Lualaba tunaujua mchezo huo kutoka upande wa pili. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Tarehe 22 Februari 2025 Leta ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka. Oktoba 2025 ikaanza kugawa kiasi kwa kila kampuni. Bei ikapanda. Mwenye kushika kitu ambacho wengine wanakihitaji anaweza kufunga mlango.

Lakini kuna tofauti moja. Kobalti ikikawia, kiwanda cha mbali kinatafuta njia nyingine. Mchele ukikawia, mtoto hangoji. Mji unaouza madini na kununua chakula uko na nguvu mahali pamoja, na mahali pengine uko mikononi mwa wengine.

Na mchele wa Kongo?

Mpunga si mgeni kwetu. Misafara ya waungwana toka pwani iliuleta Maniema katika karne ya 19, pamoja na Kiswahili hiki tunachosoma. Nyangwe na Kasongo, mji wa Tippu Tip, zilikuwa na mashamba makubwa ya mpunga kabla Wabelgiji hawajafika. Baadaye ulienea Kisangani na Bumba, na kituo cha utafiti cha Yangambi, kilichoanzishwa mwaka 1933, kikafanya kazi ya mbegu. Upande wa Kivu ya Kusini, tambarare ya Ruzizi inamwagiliwa, lakini vita imewavunja wakulima wake mara nyingi.

Basi kwa nini mchele wa Kasongo hauko kwa wingi Kolwezi? Ardhi ipo na maji yapo. Njia ya treni toka Kindu hadi Lubumbashi ipo pia, lakini mwendo wake ni wa siku nyingi na mzigo hauna uhakika. Mashini zilizoko vijijini zinavunja punje, mawe yanabaki ndani, na mfuko wa Asia unashinda kwa usafi kabla ya kushinda kwa bei. Mkulima wa Maniema anaweza kulima. Kinachomkosea ni kiwanda, ghala na treni.

Lualaba kwenyewe, sheria ya migodi ya mwaka 2018 inataka kila kampuni inayochimba itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Pesa hiyo imejenga shule na vituo vya afya, na kamati za jamii zina haki ya kusema pia: tunataka mfereji, ghala, mashini ya kukoboa. Mpunga unahitaji maji safi, kwa hiyo ombi hilo linakwenda pamoja na lingine, kwamba mito isimwagiwe maji ya viwanda. Bonde lililochafuliwa halilimiki, hata pesa ikiwepo.

Ukifika sokoni

Tia mkono mfukoni kabla ya kulipa. Punje nzima na chenga zikichanganyika sana, omba bei ya chenga. Nusa: ukisikia harufu ya ukungu, mchele ulilowa njiani au ghalani. Soma nchi na asilimia kwenye mfuko, lakini jua kwamba mfuko wa jina kubwa unaweza kujazwa mchele mwingine. Angalia kama umeshonwa upya. Kama kikundi chenu cha likelemba kina nguvu, nunueni mifuko pamoja baada ya mavuno ya Mbeya, kati ya Julai na Septemba, kabla bei haijaanza kupanda. Mchele mkavu, ulioinuliwa juu ya mbao mbali na ukuta, unakaa miezi bila kuharibika.