Redio zilizozaliwa na ukimbizi wa 1994: moja ilinyamaza, moja ilibaki Ngara, nyingine zikawa mtandao

Ukiwa Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali au Kakuma, huenda unasikiliza redio kila siku bila kujua ni ya nani. Mtangazaji ni mtu ambaye ungeweza kukutana naye sokoni. Halafu saa ya habari inafika, anasema "sasa tunajiunga na…", na sauti nyingine inaingia kutoka mji wa mbali. Sentensi hiyo fupi ndiyo mlango ambao redio ndogo hupitia kuingia katika mtandao mkubwa. Mara nyingine ni kwa nusu saa. Mara nyingine mlango haufungwi tena.

Makala haya yanaeleza historia ya redio za eneo la Maziwa Makuu zilizoanzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia, na kilichozipata baadaye. Yanakuhusu kama wewe ni mkimbizi, na yanakuhusu pia kama wewe ni mwenyeji, kwa sababu redio hizi zilipobaki, mara nyingi ni wenyeji waliobaki nazo.

Ngara na Bukavu, 1994 na 1995

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara, Tanzania, katika muda wa takriban siku moja. Julai mwaka huo huo, wengine karibu milioni moja waliingia Zaire, hasa Goma, ambako kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ndani ya wiki chache.

Watu hao walitoka katika nchi ambayo redio ilikuwa imetumika kuua. RTLM, iliyoanza kutangaza 1993, ilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa hiyo waliokuja kuanzisha redio mpya walikabiliwa na jambo gumu: wasikilizaji waliozoea kuamini redio, na wengine waliokuwa na kila sababu ya kuiogopa.

Agosti 1994, waandishi wa habari kutoka Uswisi walianzisha Radio Agatashya mjini Bukavu. Agatashya kwa Kinyarwanda ni mbayuwayu, yule ndege anayehama na kurudi. Redio hiyo ilisikika kambini Kivu na kuvuka mipaka. Kazi yake ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuifanya: kutoa habari zilizohakikishwa, kwa lugha ambayo watu wanaielewa, kuhusu maji, chakula, magonjwa, usalama, na hali ya nyumbani kwao. Swali la hali ya nyumbani ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote. Kambini kulikuwa na viongozi waliotaka watu wasirudi, na uvumi ulikuwa chombo chao. Mtu aliyekuwa na redio ya betri aliweza angalau kusikia maneno mengine.

Mwaka 1995 waanzilishi hao waliunda taasisi iitwayo Fondation Hirondelle. Hirondelle kwa Kifaransa ni mbayuwayu yule yule. Lakini redio yenyewe haikuishi. Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu, kambi za Kivu zikavunjwa, na Agatashya ikanyamaza mwishoni mwa mwezi huo. Ilikuwa imeishi miaka miwili na kidogo.

Upande wa Tanzania mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi (JRS) lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara. Kwizera ni tumaini kwa Kinyarwanda na Kirundi. Tangu mwanzo ilitangaza kwa wakimbizi na kwa wenyeji pamoja, na nadhani hapo ndipo siri ya maisha yake ilipo. Desemba 1996 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wakimbizi wote Wanyarwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Warundi walibaki Ngara miaka mingine kadhaa, kisha kambi zao nazo zikafungwa. Kambi ziliondoka lakini redio haikuondoka. Mkulima wa Ngara aliyekuwa akisikiliza akisubiri habari za mvua na bei aliendelea kuwa msikilizaji baada ya majirani zake kurudi ng'ambo ya mto.

Kipindi cha kutafuta ndugu kilichoingia London

Mwaka 1994 BBC nayo ilianzisha kipindi kifupi kwa Kinyarwanda na Kirundi. Jina lake, Gahuzamiryango, maana yake ni "kinachounganisha familia", na ndivyo kilivyokuwa: majina ya watoto waliopotezana na wazazi, majina ya wazazi, mahali walipoonekana mara ya mwisho. Kama umewahi kukaa kambini unajua thamani ya orodha ya namna hiyo. Mtu anakaa kimya mbele ya redio akisubiri jina moja tu.

Kipindi kilichoanza kama huduma ya dharura kikaendelea kukua hadi kuwa idhaa kamili ndani ya BBC, yenye habari za kila siku na mijadala ya siasa. Hapo faida na hasara zilikuja pamoja. Faida ilikuwa waandishi wengi zaidi, masafa mafupi yanayofika mbali, na jina linaloheshimika. Hasara ni kwamba ugomvi wa mtandao mzima ulianza kuwa ugomvi wa idhaa. Oktoba 2014 Rwanda ilisimamisha matangazo ya BBC kwa Kinyarwanda. Sababu ilikuwa filamu iliyooneshwa na televisheni ya BBC huko Uingereza, ambayo idhaa ya Maziwa Makuu haikuitengeneza. Burundi nayo iliizuia BBC kuanzia 2018, ikafuta kibali chake 2019, na ikaondoa zuio hilo 2022. Mama aliyekuwa akisikiliza habari za jirani hakuwa ameitazama filamu yoyote.

Okapi: redio iliyoanza ikiwa mtandao

Mbayuwayu alirudi Kongo mwaka 2002, safari hii kwa jina la mnyama mwingine. Tarehe 25 Februari 2002, siku ambayo Mazungumzo ya Wakongomani yalifunguliwa Sun City, Afrika Kusini, Radio Okapi ilianza kutangaza. Iliendeshwa na ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo (MONUC, baadaye MONUSCO) kwa kushirikiana na Fondation Hirondelle. Okapi ni mnyama wa misitu ya Kongo asiyepatikana porini katika nchi nyingine.

Kumbuka Kongo ilivyokuwa wakati huo. Kinshasa ilikuwa chini ya serikali, Goma na sehemu kubwa ya mashariki chini ya RCD iliyoungwa mkono na Rwanda, na kaskazini chini ya MLC iliyoungwa mkono na Uganda. Kila upande ulikuwa na redio yake, na kila redio ilisema ya bwana wake. Mei 2002 askari walioasi huko Kisangani waliiteka redio ya taifa ya mji huo na kuitumia kuwachochea watu dhidi ya Wanyarwanda. Yaliyofuata yalikuwa mauaji. Hiyo ndiyo hatari ya redio ya mji mmoja isiyo na wa kuilinda: anayeshika bunduki ndiye anayeshika kipaza sauti.

Okapi ilijibu hatari hiyo kwa muundo wake. Studio kuu iko Kinshasa, na kuna studio za mikoani zilizounganishwa nayo kwa setilaiti. Habari ya Bunia inaandikwa Bunia, inatumwa Kinshasa, na jioni inasikika Bukavu na Mbandaka. Lugha ni tano: Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kitshiluba na Kikongo. Studio za mikoani zilipewa muda wao wa kutangaza mambo ya kwao, kisha zinarudi kwenye matangazo ya taifa. Redio za jamii nazo, zenye mtambo mdogo na mnara mfupi, zilianza kurusha habari za Okapi kama washirika.

Mtu wa Goma na mtu wa Kinshasa walisikia taarifa moja kwa saa moja. Kwa maoni yangu hakuna redio ya mji mmoja ambayo ingeweza kufanya hivyo, hata ingekuwa na waandishi hodari kiasi gani.

Bei yake ililipwa mikoani. Serge Maheshe, mwandishi wa Okapi Bukavu, aliuawa kwa risasi tarehe 13 Juni 2007. Mwenzake wa kituo hicho hicho, Didace Namujimbo, aliuawa tarehe 21 Novemba 2008. Desemba 2012 matangazo ya Okapi yalikatwa Kinshasa kwa siku kadhaa. Mwaka 2014 Fondation Hirondelle iliondoka katika ushirikiano huo na redio ikabaki mikononi mwa Umoja wa Mataifa. MONUSCO iliondoka Kivu Kusini Juni 2024, na mapema 2025 Goma na Bukavu zikaangukia mikononi mwa M23. Ukisikia watu wakijadili mustakabali wa Okapi, wanajadili pia nani atalipia dizeli ya jenereta na mishahara ya waandishi siku ujumbe wa Umoja wa Mataifa utakapofunga mizigo yote.

Jinsi redio ndogo inavyomezwa

Mara chache mtu huja na karatasi akasema "tumeinunua". Huanza na habari za jioni, kwa sababu ni bure, ni nzuri, na kituo hakina fedha za kuwa na mwandishi wa habari za dunia. Halafu unakuja mradi: vipindi vya afya vilivyorekodiwa tayari, na fedha kidogo za kuvirusha. Halafu mtambo unaharibika na mtandao unatoa mpya, kwa masharti. Siku moja msikilizaji anagundua kwamba kipindi cha saa mbili asubuhi, kile cha matangazo ya vifo, mbuzi aliyepotea na siku ya mgao, hakipo tena.

Mtandao nao unaweza kunyamaza. Machi 2025 Sauti ya Amerika (VOA), iliyokuwa ikisikika kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi, ilisimamisha matangazo baada ya serikali ya Marekani kuamuru shirika lililo juu yake lipunguzwe. Wafanyakazi zaidi ya 1,000 walipewa likizo ya lazima. Redio ya FM iliyozoea kujiunga nayo ililazimika kutafuta cha kuweka kwenye saa hiyo.

Kuna jambo la kiufundi unalopaswa kulijua hapa. Mawimbi ya FM husafiri karibu na upeo wa macho. Kilima kimoja kinatosha kuyazuia. Ndiyo maana kituo cha FM kinaweza kuzimwa kwa kukata umeme wa mnara mmoja. Masafa mafupi huruka juu na kurudi chini mbali sana, kwa hiyo hupita mipaka, ila sauti hukwaruza na simu nyingi za mkononi haziyapokei. Kama bado una redio ya zamani yenye alama ya SW, usiitupe.

Unachoweza kufanya kwenye redio unayoisikiliza

Uliza kituo mambo matatu: kibali ni cha nani, nani analipa umeme, na saa ipi ya siku haiwezi kuchukuliwa na matangazo ya nje. Wakimbizi na wenyeji wote wana haki ya kuuliza. Kama kituo kina kamati ya wasikilizaji, jiunge nayo, na kama ina wajumbe wa upande mmoja tu, sema hivyo wazi.

Ukisikia redioni habari ya kurejea nyumbani, kuhamishwa kambi au kubadilishwa kwa mgao, angalia kama imesomwa na kituo chako au imetoka kwenye mtandao. Habari ya mtandao inaweza kuwa ya kweli kwa kambi nyingine katika nchi nyingine. Kabla ya kuuza vitu vyako au kufunga mizigo, thibitisha kwa kiongozi wa kijiji au bloku yako na kwenye dawati la UNHCR. Kwa kutafuta ndugu aliyepotea, nenda kwenye Msalaba Mwekundu wa nchi uliyopo. Huduma hiyo ni ya bure, na haitegemei redio gani iko hewani.