Jalala na Umbali: Habari za Taka Kutoka Upangwa Hadi Tabata

Sehemu kubwa ya historia ya binadamu imeokotwa jaani. Neville Chittick alipofukua magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, mengi aliyoyajua juu ya biashara ya mji ule aliyapata katika vigae: vigae vya vyungu vya nchi, na vya vyombo vilivyotoka Uajemi na Uchina, vikavunjika, vikatupwa. Wenyewe waliovitupa hawakudhani kuwa waandika kitabu. Walikuwa wakifagia nyumba zao tu. Basi mtu atakaye kujua jinsi watu walivyoishi hana budi kuuliza walitupa nini, na baada ya hapo aulize walikitupa wapi. Swali la kwanza hueleza mali ya watu. La pili hueleza ujirani wao, nalo ndilo lenye uzito zaidi.

Maswali hayo yote mawili yaweza kuulizwa Lugarawa. Kata hiyo imo katika Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe, katika nchi ya Wapangwa. Ni nchi ya milima na mabonde, yenye baridi na mvua, na maji yake huteremka hatimaye katika Ziwa Nyasa, sehemu kubwa kwa njia ya mto Ruhuhu. Wapangwa walijua kuyeyusha chuma tangu zamani, wakafua majembe na silaha kabla ya vyuma vya viwandani kufika. Kila tanuru lilipomaliza kazi yake liliacha masalio meusi, mazito, yaliyogandamana kama jiwe. Kwa Kiswahili huitwa mavi ya chuma, na jina hilo lasema wazi jinsi yalivyothaminiwa. Lakini majembe yale yamelika yakaisha, na wahunzi wamekufa, hali mavi ya chuma yangali yapo, na wataalamu wa mambo ya kale huyatumia kuisoma kazi ile. Hiyo ilikuwa taka ambayo udongo haukuweza kuimeza. Nayo ilikuwa chache, tena makabila mengi ya nyanda hizi yalifanya kazi ya kuyeyusha mahali palipotengwa na makazi, kwa miiko yake.

Vitu vingine karibu vyote vya nyumbani vilikuwa na njia ya kurudia vilikotoka. Ulanzi ulikingwa na kunywewa kwa vyombo vya mwanzi, na mwanzi uliopasuka ulikuwa kuni. Kibuyu kilichotoboka kilioza. Vikapu, mikeka, nyungo na kamba vilitokana na majani na miti. Vyungu vilivyofinyangwa na wanawake wa Kikisi kando ya Ziwa Nyasa viliuzwa mpaka milimani, na kimoja kilipovunjika, kigae chake kilitumika kuchukulia kaa la moto kwa jirani au kukaangia nafaka, kisha kikatupwa bila kumdhuru mtu. Hata methali ya Waswahili isemayo kwamba mtupa jongoo hutupa na ung'ongo wake ilizaliwa katika dunia ya namna hiyo. Kilichotupwa na kilichotumika kutupia vilikuwa vya jinsi moja, na mvua za mwaka mmoja ziliviozesha vyote viwili.

Mahali pa mabaki hayo palikuwa jalalani, nyuma ya nyumba au ukingoni mwa ua. Hapo yalikwenda majivu ya jikoni, maganda ya maharage, magunzi, samadi ya mbuzi na taka za ufagio. Kuku walichakura, maboga yaliota yenyewe, na msimu ulipofika udongo wake mweusi ulipelekwa shambani. Fikira hiyo ya kuzika mabaki ili yazae haikuwa ya jalala peke yake. Ng'ambo ya Ruhuhu, upande wa kusini, Wamatengo walibuni kilimo cha ngoro: nyasi zilizofyekwa hupangwa miraba miraba, zikafunikwa kwa udongo uliochimbwa katikati, kisha mazao hupandwa juu ya matuta hayo. Nyasi huozea chini ya mmea, na mashimo yaliyobaki huzuia maji yasichukue udongo mteremkoni. Katika kilimo hicho hakuna kitu kinachoitwa taka. Kuna chakula cha udongo kilichochelewa.

Wala haifai kuyasifu ya kale kupita kadiri yake. Jalala la karibu lilileta nzi na panya, na palipokosekana choo maradhi ya tumbo hayakukosekana. Usafi wa zamani ulisaidiwa pia na uchache wa watu na uchache wa vitu. Hata hivyo jalala lile lilikuwa na sifa moja iliyo kubwa: lilikuwa karibu na mwenyewe. Mwenye kutupa ndiye aliyenusa, ndiye aliyeona, na ndiye aliyevuna. Kwa sababu hiyo alijua kila kilichomo, na kisichofaa hakukiingiza.

Vitu vya viwandani vilipoanza kufika, desturi hiyo haikuvunjika mara moja. Mfano ulio bora ni debe. Mafuta ya taa yaliletwa Afrika ya Mashariki katika makopo makubwa ya bati, na mafuta yalipokwisha, kopo lilianza maisha yake ya pili: likachotewa maji, likapikiwa pombe, likakunjuliwa kuwa bati la kuezekea, mwisho likawa kipimo cha nafaka kinachotajwa sokoni hata leo. Makopo madogo yaligeuzwa koroboi. Matairi yaliyochakaa yalikatwa yakawa makatambuga. Chupa ya soda ilirudishwa dukani kwa sababu iliwekewa fedha ya dhamana. Unga mweusi wa betri za redio ulichanganywa na kupakwa ubaoni shuleni, jambo lililofanywa kwa nia njema pasipo kujua sumu iliyomo. Chombo kigeni kilipokuwa adimu kilikuwa mali, na mali haitupwi.

Badiliko kubwa lilikuja kwa njia mbili ambazo hazikukusudiwa kugusa taka hata kidogo. Njia ya kwanza ilikuwa makazi. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, watu waliokaa mbalimbali wakiwa wamezungukwa na mashamba yao walikusanywa katika vijiji, nyumba zikapangwa kwa mistari. Faida zake zilijulikana: shule, zahanati na maji vilisogea karibu. Lakini shamba likawa mbali na nyumba, na jirani akawa karibu na jalala. Kubeba udongo wa jalalani mwendo mrefu mpaka shambani ni kazi ambayo si kila mtu aliiweza. Mwaka 1973 pia kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza masomo ya redio na kuyatenda: wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakasafisha maeneo ya nyumba. Kampeni ile ilionyesha kwamba wanakijiji wakielezwa sababu ya jambo hulitenda kwa wingi.

Njia ya pili ilikuwa mbolea. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972, na katika miaka iliyofuata nyanda za juu za kusini, yaani Iringa, ambayo wakati huo ilikuwa na Njombe na Ludewa ndani yake, pamoja na Mbeya, Rukwa na Ruvuma, zikawa ghala la mahindi la taifa kwa mbegu za kisasa na mbolea ya chumvichumvi iliyouzwa kwa bei ya ruzuku. Mahindi yaliongezeka, na hapana wa kulaumu jambo hilo. Lakini jalala lilipokonywa kazi yake. Kwa kuwa rutuba sasa ilitoka katika mfuko, yaliyokuwa jalalani hayakuwa na mtu wa kuyangoja. Mfuko wenyewe nao ulibaki. Ruzuku ilipoondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990, mbolea ikawa ghali kwa wengi, na samadi ikahitajiwa tena. Lakini kufikia hapo jalala halikuwa lile la zamani.

Baada ya biashara kufunguliwa katika miaka ya 1980, ilienea mifuko myepesi ya plastiki ambayo watu waliipa jina la rambo, kwa ajili ya shujaa wa sinema aliyechapwa juu yake. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilikuwa imekwisha kuifanya Makambako njia panda ya reli na barabara, na bidhaa zilipanda milimani kwa malori. Mfuko uliopewa bure haukuwa na maisha ya pili kama debe. Ulichukuliwa na upepo, ukanasa katika miti na mifereji, ukaliwa na mbuzi, ukazuia maji kuingia udongoni. Hapo ndipo ung'ongo ulipoanza kuishi kuliko jongoo. Mkono uliotupa ulikuwa mkono ule ule, na desturi ile ile. Kilichobadilika ni kitu chenyewe. Wengi waliohukumiwa kuwa wachafu walikuwa wakifanya kama walivyofundishwa na wazee wao waliokuwa safi.

Mjini shida ilikuwa ya namna nyingine. Huko taka ziliondolewa kwa magari zikapelekwa mbali, na mtu wa mjini hakuuliza huko mbali ni wapi. Katika Dar es Salaam, kwa miaka mingi, huko mbali palikuwa Tabata. Jiji lilikua likaifikia Tabata, watu wakajenga, na moshi wa taka zilizochomwa, nzi na uvundo vikawa sehemu ya maisha yao. Mwaka 1988 wakazi walifungua shauri katika Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji. Mahakama iliamuru jaa lile liachwe. Halmashauri ikaomba muda tena na tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alilikataa ombi la kuongeza muda. Sababu yake ilifungua ukurasa mpya katika sheria ya Tanzania: Ibara ya 14 ya Katiba inalinda haki ya kuishi, na kumtia mtu katika moshi na hewa chafu ya namna ile ni kuuhatarisha uhai wake. Kwa maneno mengine, taka za mtu mmoja zaweza kuwa shambulio juu ya uhai wa mwingine.

Hukumu ile ilikuwa ya haki, ila haikuweza kuzimaliza taka. Zilipelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani wakashinda. Zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Mtu akiyafuata majina hayo kwenye ramani ataona historia nzima ya neno mbali: kila mahali palipoitwa hivyo palikuwa nyumbani kwa mtu, na mara nyingi kwa mtu asiye na sauti kubwa.

Sheria zilifuata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliziwekea serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka, na halmashauri za vijiji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo zao. Mwaka 2015, wakati kipindupindu kilipokuwa kimeenea, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na kuamuru siku hiyo iwe ya usafi; naye mwenyewe alionekana akizoa taka. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Mabadiliko yalionekana upesi, kwani vikapu na mifuko ya kitambaa vilirudi sokoni. Lakini marufuku ile iliacha, kwa sababu za lazima, vifungashio vya dawa, vya viwandani na vya kilimo; na katika nchi ya wakulima kama Ludewa, mfuko wa mbolea na chupa ya dawa ya wadudu ni miongoni mwa taka zilizo za hatari kupita rambo.

Basi historia hii yaifundisha nini Lugarawa? Mji mdogo kama huo, wenye soko, shule na hospitali ya misheni, umesimama kati ya jalala la kale na jaa la mjini, na bado unaweza kuchagua. Sehemu kubwa ya taka za nyumbani kwake ingali ni maganda, majani na majivu, na hiyo haihitaji gari. Yahitaji kutengwa na kurudishwa udongoni, kama ilivyokuwa. Chuma, chupa na plastiki zahitaji kukusanywa mahali pamoja na kupewa maisha ya pili, kama debe lilivyopewa. Betri, sindano na vyombo vya sumu vyahitaji shimo au tanuru lake maalumu chini ya uangalizi wa bwana afya. Kuvichoma vyote pamoja uani ni kuugeuza uchafu wa ardhini kuwa sumu ya hewani, na majivu yake hayafai tena bustanini. Kazi hiyo ya kutenga haiwezi kufanywa na serikali mahali pa mwenye nyumba. Huanza pale pale jikoni, kabla taka hazijachanganyika.

Kosa litakuwa kutafuta korongo lililo mbali na barabara na kuliita mwisho wa taka. Milimani hakuna korongo lisilo na mkondo wakati wa masika. Mvua ya kwanza itakichukua kilichotupwa Lugarawa hadi mtoni, na mto hadi ziwani, na huko kuna watu wachotao maji. Mhunzi wa zamani aliacha mavi ya chuma pale pale alipofanyia kazi, na kwa hayo anajulikana hata leo. Watu wa sasa nao watajulikana kwa walichokiacha. Na walioko chini ya mto hawatangoja wachimbaji wa mambo ya kale ili kukijua.