Negativu na Simu

Negativu ya mraba hutoka kwenye filamu ya 120, yenye picha 12 tu. Wapigapicha wa Wizara ya Habari ya Uganda walimfuata nayo Rais Idi Amin (1971–1979). Negativu nyingi hazikusafishwa kuwa picha za kuonwa na watu. Mwaka 2015 negativu takriban 70,000, zikiwamo za kabla na baada ya Amin, zilikutwa kabatini katika Shirika la Utangazaji la Uganda. Mwenye funguo za kabati ndiye aliyeamua umma uone nini.

Kamera ya simu ilimnyang'anya mwenye funguo mamlaka hayo. Tarehe 13 Agosti 2018, wakati wa kampeni za uchaguzi mdogo mjini Arua, dereva wa mbunge Bobi Wine aliuawa kwa risasi. Mbunge huyo akaituma picha ya marehemu Twitter mwenyewe, bila mhariri. Itasemwa kwamba picha za simu hughushiwa. Kweli, lakini hata zile za Amin, ambazo hazikughushiwa, ni nadra kuonyesha waliouawa na utawala wake. Negativu inahifadhiwa kwa sababu nyingine: bado hukaguliwa baada ya miaka 40, ilhali simu ikipotea huweza kupotea na ushahidi wake.